Lumbu wa Matangazo na Mama Mkwe Asiyeweza Kuandika STOP

Mara ya kwanza nilipofanya biashara na Émile Lumbu, alitaka kuniuzia watu.

"Yaya," aliniambia, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "mi niko na bantu mia nane. Weye uko na bangapi?"

Nilikuwa nimeshusha magunia ya samaki wa moshi kutoka Kabondo-Dianda. Barabara ilikuwa imenitoa roho, mvua imetupiga njiani, na nusu ya mzigo ilikuwa imeanza kulainika. Samaki akilainika hana subira. Ama anauzika leo, ama kesho unamtupia mbwa. Lumbu alikuwa na meza yake karibu na stesheni ya treni ya Kamina, akiuza yunite, yaani salio la simu, chini ya mwavuli. Shati lake jeupe lilipigwa pasi hata mkunjo wa mkono ungeweza kukata nyanya. Kwenye mwavuli aliandika namba yake ya simu kwa rangi nyeusi, tarakimu kubwa kama za behewa.

"Hao watu wako wako wapi?" nikamuuliza.

Akainua simu yake. "Humu ndani bote. Unanipa maneno, natuma, banakuja. Weye unauza, mi nakula."

"Wakija, utakula. Wasipokuja, utakula yunite zako."

Alitaka gunia zima la samaki. Nikacheka mpaka wapita njia wakageuka. Tulivutana, nikajifanya naondoka, akajifanya ananiacha niondoke, mwisho tukakubaliana beseni moja, nalo baada ya mauzo. Akaandika pale pale, midomo ikitembea kama ya mtu anayesali:

"MAMA MUPENDWA! Samaki ya Kabondo imefika. Iko laini, inakungoja weye tu. Usichelewe. Ni mimi, Émile."

Huo ulaini aliusifu bila kujua ulivyopatikana. Sikumsahihisha. Kabla ya saa tisa sikuwa na hata mkia. Nikampa beseni lake, nikachagua mwenyewe samaki wa kuweka ndani, naye akaniona nikichagua, akalipokea hivyo hivyo. Hapo nikajua tutafanya kazi.

Lumbu ni mtoto wa reli. Baba yake alifunga mabehewa maisha yake yote. Mama yake alitoka Kasai kwa treni hiyo hiyo, na majirani walikuwa wa kila kabila lililowahi kununua tikiti. Katika nyumba zile za reli mtoto anakua akisalimia watu kwa lugha nne bila kushika desturi ya hata moja. Alijaribu kazi ya baba yake, lakini treni zikawa chache na mishahara ikawa michache kuliko treni. Akageukia yunite. Pale mezani akagundua jambo ambalo wauzaji wenzake walilisikia kila siku bila kulisikia: kila anayenunua yunite hutaja namba yake kwa sauti. Lumbu akawa anazihifadhi zote.

"Lakini hawakukuomba uwatumie matangazo," nilimwambia siku moja.

"Yaya, muntu akinipa nimero yake, si amekubali? Angekuwa hataki, angenyamaza."

"Angenyamaza angepataje yunite?"

"Bon. Unaona? Amekubali."

Kosa lake kubwa lilikuwa uvivu wa kidole. Simu humwuliza mtu ujumbe uende kwa nani. Lumbu kila mara alibonyeza "wote". Mchungaji alitangaziwa bia. Mjane aliyekuwa bado amevaa nguo nyeusi alitangaziwa magauni ya harusi. Wake wa askari kule Base, kambi ya jeshi, waliamshwa alfajiri na bei ya vifaranga. Mmoja wao alimwandikia STOP, kama watu wanavyofanya wakichoka. Lumbu akamjibu kwa upole: "Stop nini, mupendwa? Promosyo inaisha kesho."

Sisi wafanyabiashara hatukulalamika. Tulikuwa tunauza.

Sasa, huyu Lumbu alimwoa Valérie, binti wa Mama Mwadi. Familia ya Mama Mwadi ni Waluba wa hapa hapa, wakulima, Wakatoliki, watu wenye shamba tangu kabla ya reli. Siku ya mahari, pamoja na mbuzi na vikwembe, vile vitenge vya kina mama, waliomba simu kwa ajili ya mama. Lumbu akanunua simu, akatia laini mwenyewe, akajipigia nayo kwenye simu yake ili kuhakikisha inafanya kazi. Ikalia. Watu wakapiga vigelegele. Na namba ya Mama Mwadi ikalala ndani ya simu ya Lumbu pamoja na mia nane wengine.

Katika nyumba ile wanashika bukwe, ile heshima ya mkwe, kama ilivyoshikwa zamani. Mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja, hawatazamani, hawaongei. Mama Mwadi akimwona Lumbu anakuja njiani, anakata kona na kuingia ua wowote ulio karibu, hata wa mtu asiyemjua, na kukaa humo akiuliza habari za watoto mpaka mkwe apite. Wengi mjini wameliacha jambo hili. Yeye hakuliacha. Lumbu, mtoto wa reli, alilijua juu juu: alijua asimsalimie. Hakuna aliyemwambia kwamba simu nayo ni mdomo.

Matangazo yakaanza kumfikia mama. Sukari. Viatu. Sementi. Yote yakianza na "MAMA MUPENDWA", yote yakiishia "Ni mimi, Émile". Alinyamaza. Afanye nini? Kumjibu ni kuongea naye. Miezi ikapita hivyo, mkwe anaandika, mama anasoma, na Lumbu hana habari. Kisha Chloé, mwenye duka la nguo nyuma ya soko, akaleta mzigo mpya na kumpa Lumbu kazi:

"MAMA MUPENDWA! Nguo za ndani za Ulaya zimefika kwa Chloé. Saizi yako iko, najua utafurahi. Njoo ujaribu leo. Ni mimi, Émile."

Siku hiyo Mama Mwadi alikuwa anapepeta mahindi pamoja na kaka yake Umba. Akasoma. Akampa Umba simu. Umba akasoma mara mbili, ya pili akiwa amesimama.

Umba ndiye aliyekwenda kwenye ajansi, ofisi ya kampuni ya simu. Kijana wa pale, Élisha, alimpokea vizuri na kumweleza utaratibu: asiyetaka matangazo amwandikie mtumaji STOP kutoka kwenye namba yake mwenyewe, mtumaji akiendelea, kampuni inamfungia.

"Dada yangu amuandikie mukwe wake?" Umba aliuliza.

"Neno moja tu, Papa. STOP."

"Neno moja si neno?"

Élisha naye ni Mluba, ana mama mkwe wake. Alijikuna shingo, kisha akaandika katika malalamiko kwamba mteja huyu hakupewa njia yoyote ya kukataa. Kumbe kwa kampuni hilo ndilo kosa zito. Baada ya siku chache Lumbu akapata onyo: mlalamikaji asipofika ajansi kabla ya Ijumaa jioni kusema ameridhika, namba itafungwa moja kwa moja.

Mtu wa mbali atasema, si anunue laini nyingine? Huyo hajui Kamina. Namba ile ilikuwa kwenye mwavuli, kwenye ukuta wa saluni, kwenye mlango wa mwokaji mikate, katika vichwa vya watu mia nane. Pesa zake za simu zilipita humo, yunite alizouza zilitoka humo. Bila namba ile, Lumbu ni kijana mwenye shati safi na meza.

Akanijia Jumatano, na kwa mara ya kwanza shati lilikuwa limekunjamana.

"Yaya, bananizika nikiwa muzima."

"Mi si padri."

"Mama Mwadi ananunua samaki kwako. Na weye si ndugu yake, si ndugu yangu. Uende uniombee pardon."

"Nitapata nini?"

Akanitazama kama niliyemkanyaga jeraha. Nikasubiri, mimi najua kusubiri. Mwishoni akasema atanitangazia samaki bure mpaka mvua za mwaka kesho. Nikamfanya arudie mbele ya mke wake. Valérie alikuwa anakatakata sombe, majani ya muhogo. Aliitikia kwa kichwa.

Tulipita kwanza kwa Élisha, maana sipendi kuingia katika mapatano bila kujua sheria inamlalia nani. Élisha akatuambia kwa kifupi. Kabla ya kumtumia mtu tangazo la biashara, umwombe ruhusa, naye akubali kwa ajili ya tangazo, si kwa ajili ya yunite. Useme wewe ni nani na unatangaza kwa niaba ya nani. Usimwamshe mtu alfajiri wala usimfuate usiku. Na akisema basi, iwe basi.

"Na akikosa kusema basi?" Lumbu akauliza.

"Je, alisema ndiyo?"

"Hakusema hapana!"

"Émile," Élisha akamwambia, "ni hivyo ulimuoa Valérie?"

Lumbu akatazama dari. Kwa kweli sikutegemea kijana wa ajansi awe na ulimi huo.

Njiani kwenda kwa Mama Mwadi nikawa napanga maneno, na kuna kitu kikawa kinanisumbua. Mwaka ule Mama Mwadi alikuwa ameanza kunishinda bei. Zamani alikuwa ananunua kama wengine, anaguna, analipa. Lakini miezi hiyo alikuja na habari kamili: kwa fulani chumvi imeshuka, kwa fulani samaki wa Malemba-Nkulu wamefika, wewe mbona umepandisha? Nilidhani ana mpelelezi sokoni. Nilipofika kwenye ua wake na kuona matofali yake yamepangwa na mifuko ya sementi imefunikwa turubai, nikatabasamu peke yangu. Mpelelezi alikuwa anatembea nyuma yangu, amevaa shati lililokunjamana.

Walituketisha kwa desturi. Mama Mwadi alikaa ndani, karibu na mlango. Lumbu alikaa nje, nyuma ya ukuta wa jiko, asionekane. Mimi nikawekwa katikati juu ya kigoda, Umba pembeni. Kutoka kwa mama mpaka kwa mkwe palikuwa na hatua chache, kila mmoja alisikia hata pumzi ya mwenzake, lakini kila neno lilipaswa kupitia kwangu.

"Mama," nilianza, "mkwe wako anaomba pardon."

"Ule muntu mwenye anakohoa nyuma ya jiko?"

"Huyo."

"Umuulize, saizi yangu aliijulia wapi?"

Nikageuka. "Lumbu, unaulizwa—"

"Nimesikia, Yaya! Umuambie ni maneno ya biashara tu! Nilitumia bantu bote!"

"Mama, anasema alitumia watu wote."

"Bote? Na padri?"

Nyuma ya jiko kikohozi kikaanza upya. Padri alikuwa ametumiwa.

Umba akasema lazima kuwe na faini: mbuzi na kikwembe kizuri, kisha Ijumaa namba ifungwe, iwe fundisho kwa wakwe wote wa Kamina. Nyuma ya jiko kulisikika mlio kama wa mtu aliyekalia msumari.

Kukana kosa hakukuwa na faida, na kulia machozi si kazi yangu. Nikaona nijaribu mlango mwingine. Nikainuka, nikakung'uta kikwembe changu.

"Ni haki yenu," nikasema kwa sauti. "Namba ife. Mama apumzike. Hatasumbuliwa tena na tangazo hata moja."

"Hata moja?" Mama Mwadi aliuliza kutoka ndani.

"Hata moja, Mama. Sukari, hapana. Mafuta, hapana."

"Na ile ya sementi?"

"Sementi nayo hapana."

"Nani alisema ya sementi inanisumbua?"

Umba akageuka. "Dada yangu!"

"Weye unyamaze. Kichwa cha nyumba bado, bati bado. Unataka ninunue kwa macho?" Akatoka mpaka kizingitini, akakumbuka mkwe yuko karibu, akarudi ndani. "Muambie ule muntu: sikukataa kujua bei. Nimekataa kuandikiwa na mukwe. Na kuitwa mupendwa! Mi ni mupendwa wake?"

"Lumbu—"

"Nimesikia! Nitaondoa mupendwa!"

"Muambie hata akiondoa, ni mukono wake njo unaandika. Mukono wa mukwe siutaki katika simu yangu."

Hapo tulikwama. Anataka matangazo, hataki mtangazaji. Lumbu akapendekeza, kupitia kwangu, kwamba atatuma kwa Umba, na Umba amsomee dada yake. Umba akasema yeye si redio. Nilikuwa naanza kuona matangazo yangu ya bure yakiyeyuka wakati Valérie, aliyekuwa amekaa karibu na mama yake muda wote, aliposema:

"Mama, mi naweza kukuandikia?"

"Weye ni mutoto wangu. Nani atakukataza?"

"Basi itoke kwenye simu yangu. Matangazo yote, ya bantu bote. Ya Émile ibaki ya yunite."

"Aa, hapana!" ikatoka sauti nyuma ya jiko, moja kwa moja, bila kupitia kwangu.

Mama Mwadi akafunika masikio. Umba akasimama. "Ameongea! Ameongea na mama!"

"Ameongea na mke wake," nikasema haraka, maana niliona mbuzi wa pili akija.

Tukaliweka hivyo. Masharti ya Mama Mwadi yakapita mikononi mwangu moja baada ya jingine: mbuzi mmoja, kikwembe kimoja, asitumiwe kitu saa ya misa, nguo za ndani asizione tena maishani, na matangazo yatoke kwa Valérie tu. Nilimuuliza Lumbu kama anakubali. Akasema anafikiri. Nikamkumbusha kesho kutwa ni Ijumaa. Akasema amefikiri.

Mbuzi alifika Alhamisi. Ijumaa asubuhi Mama Mwadi alivaa kikwembe kipya, akaenda ajansi na Umba, akamwambia Élisha kwamba ameridhika. Élisha akamuuliza kama ataendelea kupokea matangazo. Akasema ndiyo, lakini iandikwe kwamba aliombwa kwanza. Élisha akaandika. Namba ya Lumbu ikapona.

Lakini kilichofuata hakuna aliyekipanga isipokuwa Valérie. Alipoichukua ile kazi, Lumbu alimpelekea namba zote mia nane, akamwambia abonyeze "wote". Valérie akakataa. Hawezi kuhatarisha laini yake, alisema. Alishaona ya mume wake ilivyonusurika. Akazunguka soko, stesheni, mpaka Base, meza kwa meza, mlango kwa mlango, akiuliza: unataka matangazo? Ya nini? Saa ngapi? Wapo waliosema ndiyo, wapo waliosema wanataka ya unga peke yake, na wengi sana wakasema, "Kumbe inawezekana kukataa?" wakakataa kwa furaha. Mchungaji alikataa kila kitu isipokuwa vifaranga.

Mia nane wakabaki mia moja na kitu. Lumbu aliomboleza karibu na meza yake kama aliyefiwa na kijiji.

"Ananiulia bantu, Yaya! Kila siku anazika!"

"Waliobaki wananunua?"

"Bananunua," akakiri, kwa uchungu.

Wananunua kwa sababu waliomba wenyewe. Mimi nililiona hilo wiki ya kwanza: walikuja wachache kuliko zamani, lakini hakuna aliyekuja kushangaa tu na kuondoka.

Basi hivi ndivyo mambo yalivyogawanyika. Lumbu amebaki na namba yake na mwavuli wake. Amepoteza mbuzi, kikwembe, na kazi aliyoipenda. Asubuhi humwandikia mke wake rasimu zenye mapambo, na Valérie hufuta yote akaacha bei na mahali. Mama Mwadi amemaliza kuta na ameanza kutafuta bati. Umba alipata paja la mbuzi, na bado anasema lilikuwa dogo. Valérie ana biashara, na maduka sasa yanamfuata yeye.

Na mimi? Nilipoleta mzigo wangu uliofuata, nilimwendea Valérie, nikamkumbusha ahadi: matangazo bure mpaka mvua za mwaka kesho, aliisikia kwa masikio yake.

"Niliisikia, Mama Laetitia," akanijibu, mikono yake bado kwenye sombe. "Émile njo alikuahidi. Umuombe akutumie, kwenye nimero yake."

"Namba yake haitumi tena matangazo."

"Njo hivyo. Haitumi."

Nikamtazama kama mtu anavyotazama mzani uliomlemea upande usiotarajiwa. Kisha nikamuuliza bei yake. Akataja. Nikajifanya naondoka. Hakuniita.

Nikarudi nikalipa.